Hugh Tracey na ngoma za wachimbaji

Gitaa ya Mwenda Jean-Bosco, yule tunayemwita Mwenda wa Bayeke, wengi wetu tunaijua. Wazee wakisikia "Masanga" kwenye radio wanaacha mazungumzo. Lakini ukiuliza ni nani alimrekodi kijana huyo pale Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, wachache watakujibu. Jina lake ni Hugh Tracey. Alikuwa Mwingereza, alikufa mwaka 1977, na karibu maisha yake yote aliyatumia kufuata waimbaji, wapiga ngoma na wachezaji wa Afrika. Wengi kati yao walikuwa wachimbaji kama sisi.

Tunaleta maisha yake humu kwa sababu ya ubishi wetu wenyewe. Katika mkutano wetu wa mwisho hapa Yahuma, vijana wanaocheza ngoma walileta ombi. Walitaka sendika itoe feza kidogo kwa ajili ya gazeti dogo la wachezaji, kurasa chache tu, mara moja kila miezi mitatu. Mkutano ukagawanyika palepale. Wengine walisema sanduku la sendika ni la wajane, la dawa, na la kurudisha maiti za ndugu wanaokufa mbali kwenye machimbo ya Banalia na Bafwasende. Ngoma inachezwa na miguu, walisema, haisomwi na macho. Wengine walijibu kwamba bila maandishi hata sendika yenyewe ingekuwa imekwisha kusahaulika. Hatukupiga kura. Tulikubaliana tuangalie kwanza fasi ambako gazeti la namna hiyo lilikwisha kufanya kazi, tuone liliacha nini. Ndiyo maana tukafika kwa Tracey.

Alizaliwa tarehe 29 Januari 1903 katika Devon, kusini-magharibi ya Uingereza. Baada ya Vita Kuu ya kwanza alimfuata kaka yake Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, kulima tumbako. Alikuwa hajafika miaka 20. Mashambani alifanya kazi pamoja na vijana Wakaranga. Wazungu wengi wa wakati ule walijifunza maneno ya kuamrisha tu: leta, beba, fanya upesi. Yeye alijifunza lugha vizuri, na nyimbo zao akaziimba pamoja nao. Aliona kwamba wimbo wa kazi ndio unaopanga mikono, na kwamba mwenye kuuanzisha ana cheo chake kati ya wenzake hata kama mwenye shamba hakijui. Sisi tuliokwisha kuvuta kamba ya mashua au kupondaponda mawe kwa pamoja tunaelewa jambo hilo bila mwalimu.

Mwaka 1929 alifanya kitu ambacho majirani zake walikiona kama wazimu. Alichukua vijana Wakaranga 14, akasafiri nao mpaka Johannesburg, safari ya kilometa mia nyingi, kwa sababu kompani ya plaki, Columbia, ilikuwa imeleta machini zake za kurekodi huko. Nyimbo zao zikaingia kwenye plaki. Mwanzo wa miaka ya 1930 alipata msaada wa Shirika la Carnegie la Marekani, akazunguka vijijini kutafuta nyimbo na ala. Lakini elimu ya namna hiyo haikuwa na mshahara, na wakubwa wa muziki wa wakati ule hawakuona kwamba muziki wa Mwafrika ni kitu cha kusomea. Akaingia katika kazi ya radio Afrika ya Kusini, na kwa miaka kumi na zaidi, mpaka 1947, aliongoza studio ya Durban.

Katika miaka hiyo ndipo alipowajua Wachopi wa Msumbiji. Wachopi wanapiga timbila, ala za mbao zinazopigwa kwa vijiti, nyingi kwa pamoja, na mbele yake wanacheza wanaume kwa mistari. Onyesho lao kubwa linaitwa ngodo. Lina sehemu nyingi zinazofuatana, kila moja na mwendo wake, na linaweza kushika karibu saa nzima. Mtunzi anatunga muziki na maneno, halafu kiongozi wa wachezaji anatunga hatua juu yake. Tracey alikaa nao, akajifunza namna wanavyotengeneza ala na namna wanavyozilinganisha sauti. Mwaka 1948 alitoa kitabu kizima juu yao. Humo aliandika majina ya watunzi, Katini na Gomukomu, kama unavyoandika majina ya watunzi wakubwa wa Ulaya. Tena aliandika maneno ya nyimbo, na mengi yalikuwa malalamiko: juu ya machifu, juu ya kodi, juu ya wakubwa wa serikali. Bila kitabu hicho, ni nani leo angejua kwamba mwanakijiji wa Msumbiji alimshitaki mkubwa wake mbele ya watu wote, huku watu wakicheza?

Sasa tufike migodini. Wachopi wengi walikwenda kwa kontra kuchimba zahabu Johannesburg, na timbila zao zilikwenda nao. Hawakuwa peke yao. Kulikuwa Wapondo, Wazulu, Wabhaca, Wasotho, Waswazi, na watu wa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Waliishi ndani ya kambi kubwa zilizofungwa, wanaume tu, mama na watoto wamebaki nyumbani. Juma zima walikuwa chini ya ardhi. Siku ya yenga walitoka juani wakacheza, kila watu ngoma yao. Wabhaca walicheza na mabuti ya mpira, yale yale ya kazi, wakiyapiga kwa viganja na kukanyaga chini kwa pamoja mpaka ikawa ngoma bila ngoma. Mchezo huo wa mabuti umekwisha kuzunguka dunia, unachezwa mpaka kwenye majumba makubwa ya Ulaya. Watazamaji wengi hawajui ulitoka kwenye miguu ya wachimbaji.

Tracey aliona ngoma hizi, akaona pia kwamba hakuna anayeziandika. Aliongea na wakubwa wa migodi, na katika miaka ya 1940 alichora mpango wa uwanja wa ngoma kwenye mgodi mmoja wa Johannesburg, wenye viti vimepangwa kwa nusu duara ili kila mtazamaji aone miguu ya wachezaji. Migodi mingine ikafuata. Mwaka 1952 alitoa kitabu juu ya ngoma za migodi ya zahabu ya Witwatersrand, pamoja na picha za mama mmoja mpiga picha, Merlyn Severn. Kitabu kinaeleza ngoma moja moja: nani wanaicheza, wanavaa nini, wanapanga mistari namna gani, kiongozi anatoa alama gani ili wote wageuke.

Hapa sisi watu wa sendika lazima tuseme wazi. Kompani hazikujenga viwanja kwa upendo wa ngoma. Mtu anayecheza siku ya yenga hagomi siku ya kazi ya kwanza, ndivyo wakubwa walivyofikiri. Wageni weupe walikuja kukaa kwenye viti kutazama, na mgodi ukaonekana kama fasi ya furaha. Tena wachezaji walipangwa kabila kwa kabila, kwa wakati uleule serikali ya Afrika ya Kusini ilikuwa ikitenga watu kwa sheria. Tracey mwenyewe alipenda zaidi ngoma za zamani, zilizotoka kijijini moja kwa moja. Michanganyiko ya mjini iliyoiga Ulaya na Marekani haikumpendeza sana. Lakini mchimbaji ni mtu wa mchanganyiko. Anafanya kazi na mwenzake wa kabila lingine kwenye shimo moja, na shimo likianguka haliulizi kabila.

Kwa nini wakubwa waliogopa ngoma ya mchanganyiko? Historia ya jirani zetu inatueleza. Kulikuwa na ngoma iliyoitwa Beni, au Mbeni. Ilizaliwa pwani ya Waswahili, kule Mombasa na Lamu, mwisho wa karne ya 19. Watu walicheza kwa kuiga gwaride la askari, na vyama vyao vilikuwa na vyeo: mfalme, jenerali, daktari. Baada ya Vita Kuu ya kwanza iliingia bara mpaka kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na mpaka Katanga kwetu. Vyama hivyo vya wachezaji vilisaidia wagonjwa na kuzika wafu wao, wakati ambapo Mwafrika alikuwa hana ruhusa ya kuwa na sendika. Mwaka 1935, kodi ilipopandishwa, wachimbaji wa Mufulira, Nkana na Luanshya waligoma. Watu sita walipigwa risasi wakafa Luanshya. Serikali ilipofanya uchunguzi, moja ya mambo iliyoyachunguza ni chama cha Mbeni, kwa sababu wachezaji walikuwa wamekwisha kujua kujipanga, kuitana na kusikilizana.

Ndugu zetu waliosema sanduku ni la maziko, si la ngoma, wakumbuke hilo. Kwa wazee wetu wa migodini sanduku la maziko na chama cha ngoma vilikuwa kitu kimoja.

Turudi kwa Tracey. Mwisho wa miaka ya 1940, pamoja na mama mmoja mwalimu wa elimu ya makabila, Winifred Hoernlé, alianzisha Chama cha Muziki wa Afrika. Mwaka 1948 chama kilianza kutoa barua ya habari, karatasi chache tu kwa wanachama. Mwaka 1954 barua hiyo ikageuka kuwa jarida, jina lake African Music. Mwaka huohuo alifungua maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika pale Roodepoort, karibu na Johannesburg. Feza zilitoka kwa Shirika la Nuffield la Uingereza, na kompani za migodi nazo zilichangia.

Jarida hilo halikuwa na wasomaji wengi. Ukiliweka karibu na gazeti la mpira lingekufa kwa haya. Lakini lilikuwa na kitu ambacho gazeti la kila siku halina. Gazeti la kila siku likiandika juu ya ngoma, linasema umati ulifurahi, mheshimiwa fulani alihudhuria, basi. Jarida la wenye ufundi linauliza: mguu gani unaanza? Ngoma ngapi zinapigwa, na ipi inaongoza? Mbao imekatwa kwenye mti gani? Nani alimfundisha huyu anayecheza? Mwandishi mmoja akikosea, mwingine anamsahihisha katika toleo linalofuata. Kidogo kidogo ufundi unapata maneno yake, na mtu wa mbali anaweza kuuchukua bila kuuharibu.

Mfano wa kwanza ni wa hapa kwetu. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyefundisha Yakusu na Yalemba, alijifunza kusikiliza lokole kama Walokele wanavyoisikiliza, na kuipiga pia. Mwaka 1956 jarida la Tracey lilitoa andiko lake juu ya majina ambayo watu wa upande wa Yalemba waliyapa malokole yao. Kila lokole lilikuwa na jina lake, kama mtu. Wazee waliojua majina hayo wamekwenda na mengi ya malokole yameliwa na mchwa. Yalemba iko Basoko, jirani zetu hapa Yahuma. Mtoto wa Basoko akitaka kujua leo lokole la babu zake liliitwaje, njia moja iliyobaki inapita kwenye jarida lililochapwa Afrika ya Kusini.

Mfano wa pili ni Mwenda mwenyewe. Mwaka 1952 Tracey alifanya safari ndefu sana, akapita Congo ya Wabelgiji. Kaskazini alirekodi Wabudu na Wambuti ukingoni mwa mwitu wa Ituri, kusini alirekodi Waluba na Wakanyoka. Alisafiri na gari lenye machini ya kurekodi, na jenereta iliwekwa mbali na waimbaji ili kelele yake isiingie kwenye sauti. Maikrofoni aliishika mwenyewe mkononi, akiipeleka kwa mpigaji huyu, kisha kwa yule. Jadotville alimkuta Mwenda, kijana wa Bunkeya mwenye miaka kama 22, na gitaa yake. Plaki ikatoka, ikasikika mpaka Kenya na mbali zaidi. Miaka kumi hivi baadaye, mwaka 1961 na 1962, jarida lilitoa andiko refu la mwalimu mmoja, David Rycroft, ambaye aliandika mapigo ya vidole vya Mwenda, sauti kwa sauti. Toka siku hiyo hakuna aliyeweza kusema kwamba gitaa ya Mwenda ni bahati ya kijana asiyesoma. Ilikuwa karatasini, na kila mwenye elimu ya muziki aliweza kuona ugumu wake.

Tracey aliendelea. Alitoa plaki 210 katika mkusanyo alioupa jina la Sauti ya Afrika, na kila wimbo ulikuwa na karte yake: jina la mwimbaji, lugha, ala, fasi, tarehe. Sisi tunajua thamani ya karte. Mchimbaji asiyeandikwa kwenye orodha akifa shimoni, kompani inasema haimjui. Alianzisha pia kiwanda cha kutengeneza likembe kwa kuuza dunia nzima, akaliita kalimba. Alikufa tarehe 23 Oktoba 1977. Mwana wake Andrew aliishika kazi, na maktaba ikahamia Chuo Kikuu cha Rhodes, katika mji wa Grahamstown, unaoitwa leo Makhanda. Jarida lipo mpaka sasa.

Lakini lina kosa moja kubwa, na tusilifiche. Liliandikwa karibu lote kwa Kingereza, mara chache kwa Kifaransa. Mchezaji wa mabuti hakuweza kulisoma. Mpiga lokole wa Yalemba hakuliona. Habari zilitoka kwao, zikaenda kukaa kwenye maktaba za wasomi. Ilichukua miaka zaidi ya 60 mpaka watu wa maktaba walipoanza kurudisha nyimbo vijijini zilikotoka. Kwa Wakipsigis wa Kenya, Tracey alirekodi mwaka 1950, na nyimbo zikaanza kurudi mwaka 2014. Wengi wa waimbaji walikuwa wamekwisha kufa. Mwenye mali asingoje hivyo.

Na hapa Yahuma, sisi tumefanya nini? Tutaje kosa letu wenyewe. Miaka michache nyuma, kompani moja, jina lake tunaliacha, iliwaita wachezaji wetu kwenye sikukuu ya wafanyakazi. Walicheza tangu asubuhi mpaka jua kali. Watu wa ofisi walipiga filamu, wakatoa soda na nyama, wakaondoka. Hatukuandika majina ya wachezaji. Hatukudai kopi. Mzee aliyeongoza ngoma siku ile amekwisha kufa, na watoto wake walipoomba filamu waliambiwa haipo. Kulikuwa na hatua moja aliyoifanya mwishoni, akizunguka kwa mguu mmoja huku mikono imeshika mkuki wa mti. Leo vijana watatu wanaionyesha kwa namna tatu, na kila mmoja anaapa kwamba yake ndiyo ya mzee.

Basi, haya ndiyo tunayoyapendekeza kwa mkutano ujao. Sanduku la wajane lisiguswe, hata franka moja. Kila kundi la ngoma lichange lenyewe, na sendika itoe karatasi na gharama ya kuchapa Kisangani, kwa matoleo mawili ya kwanza tu, halafu tuhesabu. Gazeti liandikwe kwa Kiswahili na Lingala, na wazee wanaojua lugha ya nyumbani waweke majina ya hatua na ya ngoma kama yanavyotamkwa. Kila ukurasa uwe na majina: nani anaongoza, nani alimfundisha, kijiji gani, tarehe gani. Ngoma za mchanganyiko zinazozaliwa kwenye machimbo ziingie pia, zisidharauliwe. Na kompani ikitaka kupiga picha, kwanza isaini karatasi kwamba kopi moja inabaki kwetu.

Anayepinga aje apinge, mkutano ni wa wote. Lakini aje na jibu la swali hili: ile hatua ya mwisho ya mzee wetu, tutaipata wapi? Ndugu mlioko Banalia na Bafwasende, msiofika mkutanoni, tumeni na wasafiri wa pikipiki jina la mtu aliyewafundisha kucheza, hata kwenye karatasi ya daftari la mtoto. Hayo majina ndiyo yatafungua toleo la kwanza, kura ikipita.